Aliyekosa Kila Jibu

"Tisa," alisema Daktari Lemein. "Tisa kati ya hamsini."

Inspekta Wahu aligeuka kutoka dirishani. "Basi ni kweli amesahau. Kichwa kimegongwa, kimemwaga kila kitu, na sisi tumekwisha."

"Hapana. Keti kwanza nikueleze."

"Nieleze nikiwa nimesimama."

Tangu Jumatatu Wahu alikuwa hajaketi mahali popote isipokuwa ndani ya gari, na hata huko alikuwa akiendesha. Walikuwa katika chumba cha manesi, ghorofa ya kwanza ya hospitali ndogo ya kibinafsi hapa Kitengela, chumba cha meza moja, birika la chai na kalenda ya duka la dawa. Upande wa pili wa ukuta alilala Masila, bandeji kichwani, mkono mmoja umefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda.

Sijui. Sikumbuki. Kwani mimi ni nani? Hayo ndiyo aliyoyaimba tangu aokotwe Jumatatu jioni karibu na Isinya, pikipiki iliyombeba ikiwa imeingia chini ya lori na mwendeshaji wake amefia palepale. Picha ya kichwa ilitoka safi, lakini daktari wa zamu akasema picha haionyeshi kila kitu, mgonjwa asisumbuliwe wala asipewe habari za kumshtua. Wahu alimeza hasira yake. Mchana wa Jumatatu hiyohiyo mwalimu alimwona Masila kwa macho yake mawili akimchukua Mukonyo kwenye geti la shule. Mukonyo ana miaka minane, ni binti wa marehemu kaka yake Masila, na tangu hapo hajaonekana. Kabla jua halijatua mama yake akapata ujumbe kutoka laini ambayo sasa imezimwa: weka sahihi ile karatasi ya ploti, ukienda polisi humwoni tena. Ploti iliachwa na marehemu, na Masila alitaka iwe yake.

Leo ilikuwa Jumatano, jua likichoma mabati ya mji mzima, na mtoto alikuwa mahali fulani chini ya jua hilohilo. Mtu pekee aliyejua ni wapi alikuwa akijifanya mjinga, au alikuwa mjinga kweli. Ndiyo maana Wahu alimwita Lemein kutoka Kajiado. Lemein ni mwanasaikolojia, na kazi yake ni kupima akili za watu: kumbukumbu, uelewa, kasi ya kufikiri. Shule humwita, mahakama humwita. Ni mtu mrefu, mpole, asiyeharakishwa na chochote, na kufikia wakati huo Wahu alikuwa ameanza kumchukia.

"Nilimwonyesha picha hamsini, moja baada ya nyingine," Lemein alieleza. "Jembe, sufuria, mwavuli, vitu vya nyumbani. Halafu nikamwonyesha mbili mbili, moja aliyoiona na nyingine ngeni. Nikamuuliza, uliona ipi? Sasa mtu ambaye hakumbuki hata kidogo atafanya nini?"

"Atabahatisha."

"Na akibahatisha atapata ngapi?"

"Nusu. Au hapo karibu."

"Hapo karibu. Hata ukimfunga mbuzi wa baba yangu kitambaa machoni, umwache aguse picha kwa kwato, atapata ishirini na kitu. Huyu amepata tisa."

Wahu alisogea mezani. Aliitazama ile karatasi ya daktari, safu ndefu ya alama za kukosa.

"Anayajua majibu," alisema polepole.

"Anayajua, kisha anachagua lile lingine. Huwezi kukosa kiasi hicho kama hukumbuki. Na si hilo tu. Nilimtajia namba azirudie. Kwenda mbele akashindwa na tatu. Kurudi nyuma akaweza nne."

"Kwani hiyo ni shida?"

"Kurudi nyuma ndiko kugumu, Inspekta. Hakuna kichwa kilichoumia kinachoweza kigumu kikashindwa na rahisi. Alisahau ni kiasi gani alitakiwa asahau."

"Mshenzi!" Wahu aliupiga ukuta kofi, na nesi aliyekuwa akipita mlangoni akaruka. "Mshenzi mkubwa! Na jana amenitazama machoni akaniuliza kama mimi ni dada yake!"

Alishafika mlangoni Lemein aliposimama mbele yake. Hakumshika, alisimama tu, na mlango ukajaa.

"Ukiingia hivyo atafunga mdomo kabisa. Atasema anataka wakili, na ni haki yake."

"Haki! Wewe unaniambia haki? Na ya mtoto?"

"Nakuambia tu vile itakavyokuwa. Sasa hivi anaamini uongo wake unafanya kazi. Siku ukimwonyesha haufanyi, hana sababu ya kuongea nawe tena."

Wahu alirudi dirishani. Chini, malori ya Namanga yalikuwa yamepanga foleni mpaka kwenye mzunguko, na mwanamke mmoja alikuwa akiuza miwa katikati yake, bila haraka yoyote. Wahu alimwonea wivu.

"Basi mpime tena," alisema. "Tumia hizo picha zako. Weka picha ya Kisaju na ya Bisil, umwambie achague mahali ambapo hajawahi kufika. Akiikwepa moja, tumeipata."

"Hiyo si kupima. Hiyo ni kuhoji kwa kujificha nyuma ya koti langu. Nikifanya hivyo leo, kesho hakuna mgonjwa atakayeniamini, na mahakama itatupa ripoti yangu nje."

"Mimi sitaki mahakama, daktari. Nataka mtoto. Mahakama itakuja baadaye."

Walikuwa bado wanatazamana hivyo mlango ulipogongwa, na kabla hajajibiwa Evalyne akaingia. Ni mama yake Mukonyo. Alikuwa bado amevaa ile aproni ya kibandani kwake, aliyoivaa Jumatatu akipima nyanya mwalimu alipompigia simu. Benchi la nje lilikuwa limekuwa kitanda chake. Mkononi alishika karatasi ya ploti, imekunjwa mpaka imelainika.

"Madam, naomba kalamu," alisema. "Nimekubali. Hata kidole nitaweka. Peleka mwambie shemeji nimekubali."

"Mama Mukonyo, nilimwambia jana."

"Akasema nini?"

Wahu alimwambia kama lilivyosemwa. "Alisema hana shemeji."

Evalyne alitikisa kichwa kidogo, kana kwamba ameambiwa dawa imeisha. Kisha akamgeukia Lemein. "Daktari, wewe ndio unapimanga akili?"

"Ndio, mama."

"Mimi sijasoma sana, usiniambie kwa urefu. Akili yake iko?"

Lemein alimtazama Wahu, akatazama sakafu. Hakutakiwa kujibu swali hilo, na ilionekana wazi kwamba anajua.

"Iko," alisema.

"Yote?"

"Yote, mama."

"Basi anajua mtoto wangu ako wapi, na asubuhi amekunywa chai." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nilimwona na kikombe. Alikunywa akamaliza, akaomba ingine. Ngai wakwa, aliomba ingine."

Aliketi kwenye kiti ambacho Wahu alikuwa amekikataa, akailaza ile karatasi mapajani, akainyoosha kwa kiganja. Wahu alimshika mabega. Lemein akaokota mkoba wake, akatafuta ndani yake kitu ambacho ni wazi hakikuwemo, akaufunga tena.

"Kuna kipimo kimoja kimebaki," alisema mwishowe. "Ni cha kawaida, nampa kila mtu. Kutaja vitu vya aina moja, haraka haraka. Wanyama, vyakula. Aina nyingine huwa nachagua mwenyewe kulingana na maisha ya mtu. Huyu alifanya kazi gani?"

"Makanga," Wahu akajibu. "Barabara hii hii ya Namanga, mpaka mwenye gari alipoliuza. Hiyo ni miaka mitatu sasa."

"Basi nitamuuliza steji. Kitu ulichokipigia kelele kila siku kwa miaka hakikai pale majina ya watu yanapokaa. Kinakaa ulimini. Utakaa kwa kona, Inspekta, na hutasema neno. Hata akikuita dada."

"Hata akiniita nyanya."

*

Masila aliwapokea kwa uso wa mtoto aliyeamshwa. Ni mwanaume wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye kovu dogo kwenye nyusi. Wahu aliketi pembeni, mwisho wa chumba, akafumbata mikono yake kwapani isije ikafanya la kwake.

"Sopa, Masila," Lemein alimsalimu. "Tumebakisha kidogo tu. Nitajie wanyama wote unaoweza."

"Ng'ombe." Kimya kirefu. "Mbuzi. Kuna yule... aki daktari, imeenda."

"Si neno. Vyakula?"

"Ugali. Chai." Akagusa bandeji. "Kichwa kinaniuma."

"Pole sana. Hiki ni cha mwisho. Nitajie steji za barabara hii, kutoka Kitengela mpaka Namanga."

Macho ya Masila yalimwendea Wahu mara moja, yakarudi. "Mimi sijui hizo."

"Nitakuanzia." Lemein aligonga kabati la chuma kando ya kitanda kwa kiganja, pa-pa, vile makanga anavyogonga ubavu wa gari liende. "Kitengela." Pa-pa. "Isinya." Pa-pa. "Kisaju."

"Kisaju iko mbele," alisema Masila.

Mkono wa Lemein ukabaki hewani. Wahu aliuma ulimi. Kumsahihisha hivyo ni kosa ambalo mwalimu au mkulima asingelifanya. Mtu ambaye hajawahi kubandika mguu mlangoni mwa gari hawezi kuumizwa na steji zilizopinduliwa.

"Mbele ya nini?" Lemein aliuliza, kwa upole uleule.

"Unaanza kufika Kisaju, ndio Isinya." Kisha akashtuka, sauti ikarudi kuwa ya mgonjwa. "Ama ni manesi nilisikia wakisema. Sijui."

"Hiyo ni dalili nzuri sana. Kumbukumbu huanza kurudi hivyo, vitu vya kazi kwanza. Mgonjwa akirudisha vya kazi hata mimi naandika anaendelea vizuri. Usifikirie. Fuata mkono wangu tu."

Masila alipima hilo. Wahu alimwona akilipima, kama mtu anayepima chenji, na akamwona akiamua kwamba halina hasara. Atakumbuka kidogo, atakuwa mgonjwa anayepona. Lemein akaanza kugonga.

"Kitengela," alisema Masila. Pa-pa. "Kisaju." Pa-pa. "Kwa Kanisa." Pa-pa. "Isinya." Mkono wa Lemein uliongeza mwendo, na ule ulimi ukaongeza nao, ukashika ule mwimbo wa zamani, kidevu kikainuka, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu kitanda kile kilikuwa na mtu ndani yake. "Mnazi Mmoja, Kajiado, Kajiado mwisho, Mtoni..." Pa-pa. Kabati liligongwa, na Masila hakusema kitu. Koo lake lilipanda likashuka. "Bisil," akasema. "Maili Tisa. Namanga."

"Vizuri sana," alisema Lemein. Aliandika, akafunga mkoba, akamshukuru. Hakumtazama Wahu hata mara moja mpaka walipotoka nje.

"Umesikia?" Wahu alinong'ona kwenye korido.

"Baada ya Mtoni. Kuna jina amelimeza."

"Jina gani?"

"Hilo mimi siwezi kukupimia. Na kumbuka, pengine amelisahau tu. Kumeza jina moja si ushahidi wa kitu."

"Daktari, kwa huruma yako, nyamaza kidogo."

*

Gakuru alikuwa makanga wa barabara ileile, na Wahu alikuwa na namba yake kwa sababu alishamshika mara nyingi kwa kujaza watu mpaka kwenye ngazi. Alipokea simu akiwa kazini. Nyuma yake mtu alikuwa akidai chenji.

"Madam! Leo sijafanya kitu, haki ya Mungu."

"Najua. Niimbie steji, Kajiado mpaka Bisil. Zote. Usiruke hata moja."

"Kwani unataka kazi?" Gakuru akacheka peke yake, akaacha. "Sawa. Kajiado, Mtoni, Sheli Mpya, Lori Mbovu, Bisil."

Majina mawili badala ya moja. Wahu aliyaandika kiganjani. "Sheli Mpya kuna nini?"

"Kuna kila kitu, madam. Hoteli, vyumba vya kulala, mabati mengi ya kukodisha. Watu hawajuani."

"Na hiyo ingine?"

"Lori Mbovu? Hapo hakuna kitu. Ni pori tu."

Wahu hakungoja zaidi. Mahali penye vyumba vya kukodisha na watu wasiojuana, mtoto anaweza kukaa mwezi bila jirani kuuliza. Alimpigia Koplo Mutinda aliyekuwa Kajiado, akamwamuru achukue watu wote alionao aende Sheli Mpya, afungue kila mlango, asiombe ruhusa ya mtu. Halafu akaanza kutembea koridoni, kutoka ngazi mpaka dirishani, kutoka dirishani mpaka ngazi, huku Evalyne akimfuata kwa macho kutoka benchini. Mutinda alipiga simu mara ya kwanza: wameanza. Akapiga mara ya pili: nusu ya vyumba, hakuna. Mara ya tatu alikuwa anahema.

"Tumemaliza, madam. Mpaka tangi la maji tumeangalia. Hakuna mtoto hapa. Hakuna aliyemwona."

Wahu aliegemea ukuta. Jua lilikuwa limeshahamia upande mwingine wa jengo, na saa nzima ilikuwa imekwenda kwa amri yake mwenyewe.

"Hiyo sheli," Lemein aliuliza nyuma yake, "ilifunguliwa lini?"

"Nitajuaje mimi!"

"Ndiyo maana nauliza. Masila ameacha kazi miaka mitatu. Kama ilifunguliwa juzi, kwake haipo. Mtu hawezi kuficha steji asiyoijua."

Wahu alimtazama, akatamani kumtukana, akaona hana tusi. Alimpigia Gakuru tena.

"Sheli Mpya? Si jina lenyewe linasema, madam. Mwaka jana."

"Ngai fafa," alisema Wahu. "Gakuru, nisikize vizuri. Lori Mbovu. Hapo unamshusha nani?"

"Hapo hatusimami sana. Kulikuwa na lori iliharibikia hapo kitambo, ikaachwa mpaka ikaota miti. Wanashuka wamama Wamaasai wa kule ndani. Na yule jamaa wa nduthi, siku pikipiki yake ikiwa garage. Alikuwa analinda makontena huko ndani, ya watu walikuwa wanachimba mawe wakahama."

"Alikuwa? Amehama?"

"Si ni Githongo, madam. Githongo si ndiye alikufa Jumatatu hapo Isinya, chini ya lori? Tunamzika Jumamosi."

Simu ilibaki sikioni mwa Wahu baada ya Gakuru kukata.

Mtu wa trafiki alikuwa ameandika: mwendesha bodaboda na abiria. Kila mtu aliisoma hivyo, hata yeye. Bodaboda ni bodaboda, unasimama kando ya barabara, unainua mkono, unapanda, na jina la anayekupeleka unaliuliza la nini. Lakini Githongo hakuokotwa kando ya barabara. Githongo alikuwa mlinzi. Alimpeleka Masila mjini aonekane nyumbani kwake kabla ya giza, kisha yeye Githongo arudi peke yake kukaa na mtoto. Na hakurudi.

Na Masila hajui. Ndiyo maana anakunywa chai. Aliamka hospitalini akiwa ameshaamua kutokumbuka kitu, na mtu asiyekumbuka kitu hawezi kuuliza mwenye pikipiki yuko wapi. Hakumwona wodini, akajiambia Githongo amepona, amerudi kwa mtoto. Wao nao wakaambiwa wasimshtue, wakatii.

"Mutinda," Wahu alisema kwenye simu. "Toka hapo. Nenda Lori Mbovu. Tafuta makontena ya wachimba mawe."

"Madam, yale yamezagaa kila mahali. Pori lote lile mpaka mlimani. Tutaanza na gani?"

"Anza kukimbia. Nitakuambia gani."

Evalyne alikuwa amesimama. Alikuwa ameuona uso wa Wahu, na mkono wake ulikuwa umeziba mdomo wake mwenyewe.

"Yuko peke yake," Wahu alimwambia, kwa sababu hakuona haki ya kumficha. "Tangu Jumatatu. Aliyekuwa anamlinda ndiye aliyekufa."

Safari hii Lemein hakusimama mlangoni. Aliufungua mwenyewe, akasema, "Ingia. Na umwambie ukweli tu, usimpigie kelele."

*

Wahu aliketi kitandani, karibu sana na Masila, kama mtu aliyekuja kumjulia hali.

"Masila, kuna kitu hatujakuambia. Daktari alisema tusikushtue. Yule aliyekubeba amekufa."

"Nani?"

"Mwenye pikipiki. Alikufa palepale barabarani. Yuko mochari. Wanamzika Jumamosi."

Masila alimtazama akitafuta mtego. Akamtazama Lemein, mtu aliyekuwa mpole kwake siku nzima.

"Ni kweli," alisema Lemein.

"Githongo?" Masila akauliza.

Hakuna aliyekuwa amemtajia jina hilo. Hakuna aliyemwambia sasa kwamba amelitaja.

"Githongo amekufa? Jumatatu?" Alijaribu kuketi, pingu ikamrudisha. "Hapana. Hapana, bana, si Jumatatu! Maji nani anampelekea? Madam, nani anampelekea maji?"

"Yuko kontena gani?"

"Ya kijani. Nyuma ya birika ya kunyweshea ng'ombe, ukiacha lami unafuata njia ya punda. Ya kijani, ziko nyingi za bluu lakini ya kijani ni moja. Nilidhani Githongo yuko naye! Mimi si muuaji, aki ya nani, nilisema nikae tu kimya wiki moja, mama yake aweke sahihi, arudishwe. Alimwachia chupa moja tu! Moja, kwa sababu alikuwa anarudi!"

"Ufunguo?"

"Anao. Kwa suruali yake."

Wahu alikuwa ameshapiga simu kabla hajamaliza. "Mutinda! Ya kijani, nyuma ya birika ya ng'ombe, fuata njia ya punda. Usingoje ufunguo, ufunguo uko mochari. Vunja."

Aliweka simu kitandani, spika wazi, wote wasikie. Evalyne alikuwa ameingia. Alisimama miguuni pa kitanda, na Masila alipomwona akaficha uso kwa mkono ule uliokuwa huru. Wahu alijiandaa kumzuia. Lakini Evalyne hakumgusa.

"Shemeji," alisema. "Si ungeniomba tu."

Kutoka kwenye simu zilisikika pumzi za watu wanaokimbia, miiba ikikwaruza nguo, ng'ombe. Sauti za wanawake, na Mutinda akiwauliza kitu kwa haraka. Kisha jiwe juu ya chuma. Jiwe juu ya chuma tena. Lemein alikuwa amefumba macho, midomo yake ikimwomba Mungu, "Enkai, Enkai," bila sauti. Kufuli likavunjika, mlango ukalia kwa muda mrefu, halafu hakukuwa na sauti yoyote.

"Mutinda?" aliita Wahu. "Mutinda, sema kitu."

"Kuna joto humu, madam. Hata kushika ukuta huwezi."

"Mtoto!"

"Yuko. Amelala chini kwa kona." Viatu vilikwaruza sakafu. "Anapumua. Madam, anapumua! Leta maji! Wewe, leta hayo maji, mmwagie kichwa kwanza! Kidogo, kidogo, kwa kifuniko."

Evalyne alipiga magoti kando ya kitanda, mdomo juu ya simu. "Mukonyo! Mukonyo, ni mama! Unanisikia?"

Walisikia maji yakimwagwa, wanawake wakisemezana kwa Kimaasai, mmoja wao akilia.

"Wamama hawa wanachota maji hapa kila asubuhi," Mutinda alisema. "Birika hii hapa, madam, ningeweza kurusha jiwe. Jana walikuwa hapa. Leo walikuwa hapa. Wanaapa hawakusikia kitu. Nashindwa kwa nini hakupiga kelele."

"Mpe simu," alisema Evalyne. "Weka kwa sikio lake."

Kulikuwa na mkwaruzo. Kisha sauti ndogo, kavu, ambayo Wahu hakuitambua lakini Evalyne akaitambua kabla haijamaliza neno la kwanza.

"Mama?"

"Niko hapa. Niko hapa, mwanangu."

"Uncle alisema nikipiga kelele utauawa. Nimenyamaza, mama. Hata ng'ombe wakikuja nanyamaza. Sasa naweza kulia?"